Wali au Ugali? Pima Lishe ya Sahani Yako Hatua kwa Hatua

Mama alipoambiwa ana kisukari, ushauri wa kwanza wa chakula aliupata barazani. "Dada yangu, wali achana nao, wewe kula dona," jirani alimwambia, na Mama akatii siku ileile. Mchele wa Ifakara uliokuwa ndani akawagawia wajukuu. Miezi miwili baadaye vipimo vilikuwa palepale, naye ameshaanza kukata tamaa.

Nilipokwenda kumwona Morogoro nilibeba mzani mdogo wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki. Mchana alipokwisha kupakua nikamwomba sahani yake kabla hajanawa. Ugali peke yake ulikuwa gramu 700. "Na ungekuwa wali, Mama, ungejipakulia kiasi gani?" Akachukua upawa, akachota wali wa watoto mpaka akaridhika, tukapima: gramu 350. Ukiziangalia kwa macho, sahani ya wali ndiyo iliyoonekana imejaa zaidi, kwa sababu punje zinaachiana nafasi, ilhali ugali umeshikamana wote. Mama aliutazama mzani muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nakula mara mbili."

Ndivyo ilivyokuwa. Jirani hakukosea kusema dona ina sifa kuliko mchele mweupe, lakini alilinganisha majina ya vyakula bila kugusa sahani. Toka siku ile nimekuwa nikipima na kuandika, kwa ajili ya Mama na kwa ajili ya yeyote anayeniuliza. Nilichokiona ni hiki: tofauti kati ya wali na ugali ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tofauti kubwa zinatokea mashineni, kwenye sufuria na kwenye bakuli la mboga. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, kutoka ghalani hadi mezani.

Jambo moja kabla hatujaanza. Katika nchi nyingi wali au mahindi huwekwa pembeni ya kipande cha nyama, na ukikosea kidogo hakuna kinachoharibika. Kwetu nafaka ndiyo mlo na nyama ndiyo kitoweo. Sehemu kubwa ya nguvu ya mwili, na kwa nyumba nyingi sehemu kubwa ya protini pia, inatoka humo. Kwa hiyo inafaa tulinganishe kwa makini.

Hatua ya 1: Pima nafaka ikiwa kavu

Kosa linalowapoteza wengi ni kulinganisha chakula kilichokwisha kuiva, halafu kwa macho. Kilichoiva kina maji, na maji hayana kalori. Uji, ugali laini na ugali mgumu vyote vinaweza kutoka kwenye unga uleule.

Fanya hivi mara moja tu nyumbani kwako, uandike ukutani jikoni:

Pima nusu kilo ya mchele, upike kama kawaida yako, kisha pima wali wote. Siku nyingine pima nusu kilo ya unga, songa ugali wa ugumu mnaoupenda, upime. Usisahau kutoa uzito wa sufuria. Kwangu mimi vyote viwili vilitoka karibu kilo 1.4, yaani gramu 100 kavu zilitoa gramu 280 za chakula. Kwako inaweza kuwa zaidi au pungufu: mchele wa zamani hunywa maji mengi kuliko mchele mpya, na ugali wa mtu wa pwani mara nyingi ni laini kuliko wa bara.

Ukishaijua namba yako, kila sahani unaweza kuirudisha kwenye ukavu wake. Ule ugali wa Mama wa gramu 700 ulikuwa na unga wa robo kilo, yaani kalori 900 hivi. Wali wa gramu 350 ulikuwa na mchele gramu 125, kalori kama 455. Alikuwa ameacha kalori 455 akakimbilia 900, na bado hajagusa mboga.

Hatua ya 2: Jua namba nne za kila nafaka

Hizi ni kwa gramu 100 kavu. Zinapanda na kushuka kidogo kulingana na mbegu na shamba, lakini kwa kupangia mlo zinatosha.

Mchele mweupe: kalori 365, protini gramu 7, mafuta chini ya gramu 1, nyuzinyuzi gramu 1.3.

Mchele wa kahawia, yaani uliotolewa ganda la nje tu bila kung'arishwa: kalori 365, protini gramu 7.5, mafuta gramu 3, nyuzinyuzi gramu 3.5.

Dona: kalori 360, protini gramu 8, mafuta gramu 4, nyuzinyuzi gramu 7.

Sembe iliyotolewa kiini: kalori 370, protini gramu 7, mafuta chini ya gramu 2, nyuzinyuzi gramu 4, na ikikobolewa sana zinapungua zaidi.

Angalia kalori: zinakaribiana mno. Wanga nao ni gramu 75 hadi 80 katika kila moja. Anayekuambia wali unanenepesha na ugali haunenepeshi, au kinyume chake, hana namba za kumsaidia. Sasa angalia nyuzinyuzi. Kati ya mchele mweupe na dona ni zaidi ya mara tano, na nyuzinyuzi ndizo zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, zinazokushibisha muda mrefu na zinazokusaidia chooni. Dona inashinda hapo wazi.

Mahindi mabichi ya kuchemsha ni habari nyingine kwa sababu bado yana maji yake: gramu 100 za punje za mahindi matamu zina kalori 96 na protini gramu 3.4. Gunzi moja la wastani ni kama hivyo. Mahindi ya kuchoma ya njiani huwa yamekomaa zaidi na yamekauka motoni, kwa hiyo ni mazito kuliko hapo. Ukila magunzi mawili jioni ukisubiri chakula, umeshakula sahani ndogo ya wali. Uhesabu.

Hatua ya 3: Uliza mashine ilichukua nini

Hapa ndipo mambo yalipo.

Punje ya mahindi na punje ya mpunga zimeumbwa kwa namna moja. Nje kuna ganda lenye nyuzinyuzi, madini na vitamini za kundi B. Pembeni chini kuna kiini, pale mche unapochipukia, penye mafuta mazuri, protini bora na vitamini E. Katikati kuna wanga mwingi mweupe. Mashine ya kukoboa inachukua ganda na kiini, inakuachia katikati. Pumba zinazobaki wanapewa kuku na ng'ombe, na kuku wananawiri.

Kuku ndio waliofichua siri hii. Miaka ya 1890 daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, akiwa Java, aliona kuku waliolishwa wali wa mchele mweupe wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi waliokuwa hospitalini. Walipolishwa mchele usiong'arishwa wakapona. Kilichokosekana ni kile tunachokiita leo vitamini B1, iliyobaki kwenye pumba. Mwaka 1929 alipata tuzo ya Nobel. Mchele mweupe tunaoununua sokoni leo, uwe wa Kyela, Mbeya au Kahama, umepoteza zaidi ya robo tatu ya vitamini hiyo kabla hujauosha.

Mahindi nayo yana ugonjwa wake wa kihistoria, pelagra: ngozi inababuka sehemu zinazopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Unatokana na upungufu wa vitamini B3. Mahindi yanayo vitamini hiyo, lakini imefungwa ndani kiasi kwamba tumbo haliwezi kuifungua vizuri. Watu wa Meksiko, ambako mahindi yalianzia, huchemsha punje na chokaa kabla ya kusaga, na chokaa inaifungua. Mahindi yalisafiri duniani bila ujuzi huo. Mwaka 1990 katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, mgao ulikuwa mahindi kwa wingi, na karanga zilipokatika watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra. Naomba uikumbuke hiyo habari ya karanga tutakapofika kwenye kitoweo.

Kwa madini, hesabu ni ileile. Dona ina magnesi miligramu 120 hivi kwa gramu 100. Ukitoa ganda na kiini zinabaki kama 30, ambazo ni karibu sawa na za mchele mweupe. Yaani ugali wa sembe nyeupe pe na wali mweupe, kwa lishe, ni ndugu wa tumbo moja. Anayehama kutoka wali kwenda sembe kwa ajili ya afya hajahama.

Basi ufanye nini ukifika mashineni?

Omba dona, isagwe laini kama familia haijazoea. Watoto wakikataa rangi na ladha, anza na dona kikombe kimoja kwa sembe vikombe viwili, ongeza polepole kwa mwezi mmoja. Kama mnataka kukoboa, mwambie mwenye mashine akoboe mara moja tu. Na saga kidogo kidogo. Mafuta ya kiini yakishasagwa huanza kuharibika kwa hewa na joto. Dona inapata uchungu ndani ya wiki chache, hasa msimu wa mvua. Nimewahi kumwaga debe zima lililochacha, na iliniuma sana. Sasa nasaga ya wiki mbili, nafunika vizuri, naweka penye ubaridi.

Ukinunua unga wa pakiti, soma kama umeongezwa virutubishi. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa mahindi na ngano mwaka 2011, na Kenya ikafuata kwa sheria mwaka 2012. Sembe iliyoongezwa madini ya chuma, zinki na vitamini za kundi B imerudishiwa sehemu ya kilichochukuliwa, ila nyuzinyuzi hazirudi. Unga wa mashine za mtaani kwa kawaida hauongezwi kitu.

Kwa mchele, kama unaweza kupata wa kahawia, loweka saa mbili au zaidi kabla ya kupika, uongeze maji na muda. Ni mgumu kidogo kutafuna na una harufu ya karanga. Mama hakuupenda, na sikumlazimisha.

Neno moja kuhusu rangi. Mahindi ya njano yana karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Meupe yana kidogo sana au hayana. Wazee wa Tanzania wengi hawautaki unga wa njano kwa sababu unawakumbusha miaka ya njaa na chakula cha msaada, wakauita "yanga". Naheshimu kumbukumbu hiyo. Lakini ukiwa na mtoto mdogo na ukapata mahindi ya njano mazuri, mpikie bila wasiwasi.

Hatua ya 4: Hakikisha mahindi hayana sumukuvu

Sifa zote nilizompa dona zina sharti moja: mahindi yawe safi. Ukungu fulani ukiota kwenye mahindi hutoa sumu ambayo haifi kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 ilitokea Dodoma na Manyara, na wengine wakapoteza maisha. Ukila kidogo kidogo kwa miaka mingi, ini ndilo linaloumia.

Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Kwa hiyo dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe yake. Usifiche ukweli huu kwa kupenda dona. Wala usidhani kukoboa kunayasafisha mahindi yaliyooza, kunapunguza tu.

Kagua hivi. Mwaga mahindi kwenye ungo au turubai juani, uyachambue kwa mkono. Toa punje zenye rangi ya kijani, bluu au nyeusi, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika. Usiwape kuku hizo, maana sumu inawadhuru nao. Zichome au zifukie.

Kisha pima ukavu kwa chumvi. Anika chumvi juani mpaka iwe kavu kabisa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka mahindi mpaka robo yake, tia vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, hayafai kuhifadhiwa. Isiposhika, yako chini ya hapo, lakini anika tena siku moja au mbili kwa sababu ghala linataka kama asilimia 13. Anika juu ya turubai, kamwe usianike juu ya udongo mtupu.

Mchele una nafuu hapa. Wenyewe kagua chenga, mawe na harufu ya uvundo, yatosha.

Hatua ya 5: Chunga kinachoingia kwenye sufuria

Ugali una sifa moja ambayo nadra kusikia ikisemwa: unasongwa kwa maji matupu. Hauna chumvi, hauna mafuta. Wali karibu kila nyumba una vyote viwili.

Tuhesabu. Nusu kilo ya mchele kwa watu wanne, chumvi kijiko kimoja cha chai, ambacho ni gramu 5 au 6. Kila mtu amekula zaidi ya gramu moja ya chumvi kabla hajafika kwenye mchuzi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Mafuta vijiko vitatu vya chakula ni kalori 360, yaani 90 kwa kila mmoja. Kwa mwenye presha, ugali una nafasi nzuri kuliko wali, hata kabla hatujasema neno juu ya nafaka.

Wali wa nazi nimekulia nao kwa bibi na sitauacha. Ila ujue unachokula. Gramu 100 za nyama ya nazi zina mafuta gramu 33. Nazi moja yenye nyama gramu 300 ina mafuta gramu 100 hivi; hata theluthi ikibaki kwenye machicha, zaidi ya gramu 60 zinaingia kwenye sufuria. Kwa watu wanne ni kalori 140 na ushei kwa kila mtu juu ya zile za mchele, na mafuta yenyewe ni ya aina inayoganda. Mimi sasa nampikia Mama kwa tui la pili peke yake, tui zito nalitia kwenye kisamvu cha wengine. Harufu bado ipo.

Kuosha: chambua kwanza kwenye ungo, kisha osha mara mbili kwa haraka. Watu wanaosha mara tano, sita, mpaka maji yawe kama ya kunywa, na vitamini B kidogo zilizosalia zinakwenda na maji hayo. Pika kwa maji yatakayokauka yote, halafu palia.

Kwa makande, usitie magadi. Najua yanaokoa mkaa na maharage yanaiva upesi, lakini yanaua vitamini B1. Loweka mahindi na maharage tangu usiku, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Inachukua muda mfupi kuliko unavyofikiri.

Hatua ya 6: Kamilisha protini kwa kitoweo

Protini ya wali na protini ya ugali zote zina upungufu wa kiungo kimoja kinachoitwa lisini. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 za lisini kwa kila gramu ya protini anayokula. Ya mchele ina 36 hivi, ya mahindi 28 hivi. Ndiyo maana, ingawa dona ina protini gramu 8 na mchele 7, ukila bila kitoweo mchele unakufaa zaidi kidogo kwa ubora. Mahindi yana upungufu pia wa triptofani, ambayo mwili hutumia kujitengenezea vitamini B3. Hapo pelagra ya Malawi inaeleweka, na karanga zilikuwa zikizuia nini.

Kuna mbegu za mahindi zilizoboreshwa protini. Surinder Vasal na Evangelina Villegas, waliofanya kazi hiyo Meksiko, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000, na Tanzania zilitoka mbegu zake kwa jina la Lishe. Ukilima, muulize bwana shamba wako.

Kwa tusiolima, dawa ni maharage. Maharage makavu gramu 100 yana protini gramu 22 na lisini ya kutosha na kubaki. Nafaka inapokutana nayo, pengo linazibwa.

Wali gramu 100 za mchele na maharage gramu 50: protini 7 na 11, jumla 18.

Ugali gramu 100 za dona na maharage gramu 50: jumla 19.

Ugali wa dona na dagaa wakavu gramu 20: protini 8 na 12, jumla 20, na ukiwala dagaa wazima unapata kalsiamu ya mifupa yao.

Makande ya mahindi makavu gramu 200 na maharage gramu 100, kwa watu watatu: kila mtu protini kama 13 au 14, nyuzinyuzi tele, mafuta kidogo. Tia karanga za kutwanga na protini inapanda tena. Ukiniuliza mimi mlo gani wa mahindi unaongoza kwa lishe na bei, nitasema makande yasiyokobolewa, ambayo ndugu zetu wa Kenya wanaita githeri. Inasikitisha yanavyoonekana chakula cha shule na cha shida.

Halafu majani. Mchicha, matembele, sukuma wiki au kisamvu vinaleta vitamini A ambayo wala mchele mweupe wala mahindi meupe hayana. Vitie mafuta kijiko kimoja ili vitamini hiyo iingie mwilini. Na kamulia limau au ongeza nyanya: dona ina madini ya chuma, lakini ganda lake lina kitu kinachoyashikilia, na vitamini C inasaidia kuyaachia.

Ugali na mchuzi mtupu, wali na chai, hivyo usivilinganishe. Vyote vimepungukiwa.

Hatua ya 7: Pakua kwa anayekula

Kwa mwenye kisukari: nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe maharage, samaki au nyama, na robo inayobaki ndiyo ya nafaka. Mama tulimtafutia bakuli dogo la uji ambalo likijaa ugali ni gramu 250, unga kama gramu 90. Ugali anaushindilia humo, anaupindua kwenye sahani, basi, hakuna kuongeza. Siku ya wali, bakuli hilohilo, ila usishindilie. Kama anapenda wali, mchele mrefu unaoachana baada ya kuiva kwa kawaida hupandisha sukari polepole kuliko ule unaonatana. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula ghafla bila kuzungumza na daktari wake, sukari inaweza kushuka mno.

Kwa mtoto aliyeanza kula, miezi sita na kuendelea, shida ni kinyume. Tumbo lake dogo linajaa maji ya uji kabla hajapata nguvu. Uji mwepesi wenye unga sehemu moja kwa maji sehemu tisa una kalori 40 tu kwa gramu 100. Ongeza unga uwe mzito, tia karanga zilizosagwa laini au kijiko cha mafuta, na kijiko cha kimea kitaulainisha bila kuongeza maji. Hapa ugali mkavu au wali mkavu hautoshi. Uponde na mchuzi wa maharage.

Kwa anayelima, anayebeba mizigo au anayeendesha baiskeli kutwa, ugali wa gramu 700 si kosa hata kidogo. Anauchoma. Wa dona utamshikilia mpaka jioni.

Na asiyeweza kula ngano kwa ajili ya gluteni ana bahati kwetu: mchele na mahindi vyote havina.

Kiporo

Wali au ugali ukipoa kabisa, sehemu ya wanga wake inabadilika na kuwa ngumu kumeng'enywa, inafanya kazi karibu na ile ya nyuzinyuzi. Ukiupasha moto baadaye, sehemu ya mabadiliko hayo inabaki. Kwa hiyo kiporo kinaweza kisipandishe sukari sana kama chakula cha sasa hivi.

Lakini wali una hatari yake. Kuna bakteria wanaoitwa Bacillus cereus ambao mbegu zao haziuawi na kupika. Wali ukilala kwenye sufuria jikoni penye joto, wanaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Tandaza wali wa kiporo kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, uliwe kesho yake. Usiku umeme ukikatika kwa saa nyingi, au kama nyumbani hakuna friji, pika unaotosha kwa mlo mmoja. Sasa ukishajua gramu zako kavu kwa kila mtu, ni rahisi: Mama na wajukuu wawili, gramu 90 zake na 80 kwa kila mtoto, jumla robo kilo ya mchele, na sufuria inabaki tupu.